Kitochi kilipokelewa, simu ya kupangusa ikabaki sandukuni

SWALI: Mimi ni afisa maendeleo ya jamii katika kata moja wilayani Chemba. Wananchi wengi huku ni Wasandawe. Mwaka jana mnara uliwashwa, na mradi mmoja ukagawa simu ishirini za kupangusa kwa kikundi cha akina mama wanaouza asali na ufuta, ili wapate bei za soko na habari za mvua. Juzi nimezihesabu. Nne ziko sandukuni zimezima. Saba wanazo watoto wa kiume au waume. Tatu zimeuzwa. Sita zilizobaki zinapiga nyimbo tu. Wazee nao wananiambia simu inaua lugha yetu. Je, watu wetu wako nyuma mno, au tumekosea sisi? Na nianzie wapi?

JIBU: Dada yangu, asante kwa kuhesabu. Miradi mingi ya simu huishia siku ya kugawa, akina mama wakiwa wamesimama mstari na maboksi mikononi kwa ajili ya picha. Wewe umerudi baada ya miezi kuuliza kila simu iko wapi, na hesabu hiyo ina majibu ndani yake.

Nianze na neno "nyuma", maana ndilo lililoniuma. Kabla mnara haujawashwa, kijijini kwenu kulikuwa na vitochi, zile simu ndogo za vitufe, vingapi? Sina shaka vilikuwepo. Nimezunguka vijiji vya Chemba, Mpwapwa na Manyoni miaka ile mtandao unapatikana kwa kubahatisha, na kila kijiji kilikuwa na mahali pake: kichuguu fulani, mbuyu fulani, jiwe la nyuma ya shule. Mzee mmoja wa Kigogo niliyefikia kwake alikuwa amepigilia msumari kwenye nguzo ya tembe lake, na kitochi kilining'inia hapo mchana kutwa kwa sababu ni pale tu ndipo kilishika mtandao. Kikiita, mjukuu anakimbia kumwita babu zizini. Mzee hakujua kusoma. Alijua kitufe cha kijani na chekundu, na namba ya mwanawe alikuwa ameiweka kwenye kitufe cha mbili, unakibonyeza kwa muda mrefu inapiga yenyewe. Hakuna mradi uliomfundisha hayo, wala semina, wala posho ya siku.

Kwa hiyo watu wa kwenu wameipokea simu zamani. Waliichukua kwa upande waliouhitaji, nao ni sauti ya ndugu aliye mbali.

Angalia kubipu. Ukikaa na watu utaona kubipu kulikuwa na sheria zake kabisa. Mdogo anambipu mkubwa, asiye na kipato anambipu mwenye kipato, na mwenye kipato anapaswa kupiga. Wengine walipatana: mara moja nimefika salama, mara mbili njoo unipokee na punda. Ndio utaratibu uleule wa nani anamtunza nani katika ukoo, umehamia kwenye laini. Na pesa za simu zilipita njia hiyohiyo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia kwetu mwaka uliofuata, na vijijini haikuhitaji wahamasishaji kwa sababu kijana aliyekwenda kutafuta kazi Dodoma mjini alikuwa tayari anamtumia mama yake hela kwa mkono wa kondakta wa basi. Simu ilichukua nafasi ya kondakta. Ilipokuja tozo ya miamala Julai 2021, niliwaona watu wakirudi kwa kondakta bila kuona haya, na Serikali yenyewe ikaipunguza tozo hiyo Septemba mwaka uleule. Watu hawa wanapima gharama na faida kwa umakini kuliko wengi wetu wenye mishahara.

Sasa ipime simu ya kupangusa kwa macho yao. Kitochi ukikichaji kinakaa siku nne, tano, hata wiki. Simu ya kupangusa iliyofunguliwa data haifiki jioni. Kama nyumbani hakuna umeme wala sola, mama anaipeleka dukani kuchajisha, na sehemu nyingi nilizopita ni kati ya shilingi 300 na 500 kwa mara moja. Akichajisha mara tatu tu kwa wiki kwa shilingi 500, kwa mwezi anafika shilingi 6,000 kabla hajanunua bando lolote. Muulize mama huyo shilingi 6,000 ni kuku wangapi msimu wa njaa. Mradi uliwapa kifaa, ukasahau kuwapa moto wa kukiwasha. Zile nne za sandukuni, kabla hujatafuta sababu nyingine, anza kwa kuuliza hilo.

Zile saba zilizoko kwa wanaume zinataka maneno zaidi. Tabia yetu maofisa ni kusema wamewanyang'anya wake zao. Pengine baadhi ni kweli, na huko lazima useme bila kumung'unya. Lakini simu ya kupangusa inataka mtu wa kusoma, na katika nyumba nyingi msomaji ni kijana aliyemaliza shule ya kata. Akishaisoma leo na kesho, imekuwa yake. Kuna na jambo la pili ambalo akina mama hawatakwambia siku ya kwanza: mwanamke mwenye simu yake binafsi anaulizwa anaongea na nani. Kitochi cha nyumba kinachoning'inia msumarini hakimtii mtu yeyote shaka, kwa kuwa kila anayepiga anasikika. Mradi ulitoa simu ya mtu mmoja kwenye nyumba ambamo simu ilikuwa ya wote. Nimeona hayo kwa Wagogo, nimeyaona kwa Wabarbaig wa upande wa Hanang, na wala usifikiri ni tabia ya porini. Nyumba za mjini nazo zina ugomvi huohuo, ila unafanyika chumbani.

Mimi nisingezirudisha kwa nguvu. Ningewaita akina mama peke yao niwaulize kila mmoja: nani anakusomea? Wengi watamtaja mtoto. Basi huyo msomaji achaguliwe na mama mwenyewe, na ikiwezekana awe binti wa nyumba, kwa sababu binti hukaa karibu na mama na maneno ya kikundi hayasambai.

Hizo sita zinazopiga nyimbo usizidharau. Nadhani mradi unaona hizo kama hasara, mimi naona ndizo simu zilizopona. Katika mikoa hii muziki ulisafiri kwa memori kadi kuliko kwa intaneti. Kijana anakwenda steshenari ya mjini, analipia nyimbo, anarudi kijijini na zinarushwa kutoka simu hadi simu. Ngoma za harusi, nyimbo za kwaya, marimba na zeze, vyote vimepita humo. Mama anayejua kuingiza memori kadi, kuchagua wimbo na kuongeza sauti ameshavuka nusu ya safari. Kinachobaki ni kumwekea kwenye kadi ileile sauti ya mtu anayeeleza bei ya ufuta.

Hapo ndipo ninapofika kwenye neno la wazee. Wanasema simu inaua lugha. Wasikilize vizuri, wana sababu. Kijana akishika simu ya kupangusa, menyu ni ya Kiswahili au Kiingereza, video ni za Kiswahili, matusi ni ya Kiswahili. Kisandawe hakimo. Na hata angetaka kukiandika, angekwama, kwa sababu lugha hii ina vidoko, zile sauti za kufyatua ulimi ambazo Kiswahili hakina. Wataalamu waliotengeneza maandishi yake walichukua herufi c, q na x kubeba vidoko hivyo, kama ilivyofanywa kwa Kixhosa na Kizulu kule Afrika Kusini, lakini ni wangapi kijijini kwako wamefundishwa kuziandika? Shule ilifundisha Kiswahili. Kwa hiyo kijana anayemwandikia dada yake ujumbe anaandika Kiswahili, na mazungumzo yaliyokuwa yafanyike kwa Kisandawe yamehama.

Lakini simu inayoandika ndiyo hiyohiyo inayosema. Redio na televisheni zetu hutangaza kwa Kiswahili na Kiingereza. Kisandawe, Kigogo na Kirangi havina nafasi ya kudumu humo. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, uliokuja mwaka 2013, haumwulizi mtu anaongea lugha gani. Unabonyeza, unasema, na kidoko kinafika Dar es Salaam kama kilivyotoka mdomoni. Nimemsikia mama wa Kwa Mtoro akimgombeza mwanawe aliye mbali kwa Kisandawe kitupu kwa dakika mbili nzima, na kijana akajibu kwa lugha hiyohiyo, kijana ambaye kwa maandishi asingethubutu. Kwa lugha zilizoishi mdomoni tu, hiki ni chombo kinachozisafirisha mbali bila kuzilazimisha zivae nguo za wengine. Umoja wa Mataifa umeitenga miaka ya 2022 hadi 2032 kuwa muongo wa lugha za jamii asilia, na mikutano itakuwa mingi. Mimi ningeweka nguvu kwenye kitufe cha maikrofoni.

Wapo watakaokusahihisha kwamba Tanzania hatuna "jamii asilia" kwa kuwa sote ni wenyeji. Serikali yetu kwa kawaida hailitumii jina hilo, ingawa iliunga mkono azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu hao mwaka 2007. Usipoteze siku kwenye ubishi huo. Msandawe, Mhadzabe na Mbarbaig wana lugha na namna za kuishi ambazo watengenezaji wa programu za simu hawakuwafikiria walipokaa mezani, na hilo ndilo linalokuhusu wewe.

Nikuonye juu ya laini. Tangu Mei 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa, yaani NIDA, na kuanzia Januari 20, 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mjini ilikuwa foleni na usumbufu. Vijijini kwa wazee na akina mama ilikuwa jambo zito zaidi. Mama hana cheti cha kuzaliwa, alizaliwa "mwaka wa nzige" au "mwaka wa njaa ile kubwa", kwa hiyo NIDA imechelewa. Mwingine NIDA anayo lakini vidole vimesuguliwa na mpini wa jembe na mchi mpaka mashine inavikataa. Wakala amechoka, jua limekuwa kali, anasema, "Weka kidole chako wewe," na jirani anaweka. Laini inatumika miaka. Siku simu inapotea, mwenye nayo hawezi kuirudisha laini yake, na akiba ya asali iliyoko ndani iko kwa jina la mtu mwingine. Nimeshuhudia mama akilia mbele ya kaunta kwa sababu hiyo. Mfanyakazi wa pale hakuwa na ubaya, kanuni ilimfunga.

Hivyo kabla ya somo lolote la intaneti, fanya ukaguzi wa laini. Mtu akipiga *106# kwenye simu yoyote, hata kitochi, na kufuata maelekezo, anapata namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kaa nao mmoja mmoja. Ambaye laini yake iko kwa jina la mtu mwingine, mwandike, uende naye kwa wakala. Vidole vikikataa, omba vijaribiwe vyote kumi, na mwende asubuhi kabla ya kazi za shamba, mikono ikiwa imeoshwa na kupumzika. Ambaye hana NIDA, hilo ndilo linalokuja kwanza kwake, mbele ya simu.

Namba ya siri nayo usiifundishe kwa hotuba. Watu wasiosoma herufi wanasoma tarakimu vizuri sana, maana wanazijua kutoka kwenye noti na mnadani. Anayejua kukataa bei ya mbuzi hatashindwa na tarakimu nne. Kinachowaponza ni heshima: wakala ni kijana mpole, anasema, "Mama, nitajie nikusaidie," na mama anaona kumnyima ni kumtukana. Wafundishe jibu la adabu la kukataa, kwa lugha yao, walirudie kwa sauti. Waambie pia kuhusu ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukiingia, wasijibu, mtoto anayesoma autume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Kuhusu picha nitasema kidogo, lakini nalisema kwa uzito. Wazee wakikuambia hawataki tambiko lirekodiwe, wamekwisha sema. Kondoa tuna michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na baadhi ya maeneo hayo, kama Mungomi wa Kolo, watu bado wanaendea kwa maombi na matambiko. Mahali kama hapo kijana mwenye simu anaweza kufungua kwa dakika moja kilichofunikwa vizazi vingi. Wahadzabe wameshapigwa picha na wageni kiasi cha kutosha, na picha hizo haziwarudii. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini usingoje sheria. Kikundi kikae na wazee, kikubaliane ni nini kinarekodiwa na nini hakirekodiwi, na vijana wawepo wasikie.

Sasa bei za soko. Mradi uliwawekea programu ya bei, sivyo? Akina mama hawakuifungua kwa sababu bei isiyo na mtu nyuma yake haiaminiki. Mfugaji anayetaka kupeleka ng'ombe Msalato Jumamosi anampigia binamu aliyeko mnadani anamwuliza: ng'ombe wamejaa? Wanunuzi wametoka wapi? Wanalipa papo hapo? Programu ingempa tarakimu moja, binamu anampa soko zima. Ni hivyohivyo kwa malisho. Simu haijafuta desturi ya kumtuma kijana akaone majani kwa macho yake. Imemrahisishia kurudisha habari. Kwa hiyo kikundi chako kitafute watu wawili wanaoaminika, mmoja Kondoa, mmoja Dodoma mjini, ndugu wa mwanachama ikiwezekana. Siku ya soko atume ujumbe wa sauti, kwa Kisandawe kama anakijua. Simu moja ya kikundi iupokee, isikilizwe mkutanoni mbele ya wote. Atakayehitaji kuuliza zaidi ana kitochi chake, atapiga.

Ndiyo, simu moja. Labda mbili. Kikundi cha watu ishirini hakikuhitaji simu ishirini za kupangusa. Kilihitaji mbili zenye sola yake ndogo, na daftari la nani anaitunza wiki hii. Waliogawa walitaka idadi kubwa ya kuandika kwenye taarifa. Najua si wewe uliyeamua, lakini ukiulizwa safari nyingine, sema hivyo mapema kabla fedha hazijatumika.

Kuhusu mnara wenyewe, mnayo bahati. Mei 2023, hapa hapa Dodoma, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na bado kuna vitongoji ambavyo milima inavificha. Kama sehemu ya kata yako ina giza, jua kwamba jamii zenyewe zinaweza kujenga mtandao. Huko Oaxaca, Mexico, kijiji cha Talea de Castro kiliwasha mtandao wake wa simu mwaka 2013 baada ya makampuni kukipuuza, na jirani zako Kondoa nao wamejaribu mtandao wa jamii kwa msaada wa watu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wakitumia masafa ya televisheni yaliyokuwa wazi. Nenda ukaongee nao. Ni mwendo wa basi tu, na watakueleza magumu yake bila kuficha.

Umeniuliza uanzie wapi. Anza na zile nne za sandukuni, wiki hii hii, maana betri iliyokaa miezi bila chaji huharibika. Ukikuta mgongo wa simu umevimba, usiichaji, iweke mbali na watoto. Nzima mbili ziwe za kikundi. Nyingine, kama ipo, mpelekee yule mzee aliyesema simu inaua lugha. Usimfundishe kuandika wala kupiga. Mwonyeshe kinasa sauti, umwekee binti mmoja wa kumsaidia, umwombe awasimulie wajukuu walioko mjini jinsi babu zake walivyokuwa wakifuata nyuki. Na uende na memori kadi ya ziada, kwa sababu akianza hutaweza kumkatisha.